Laini ya Intaneti Ikibadilika, Hospitali Isipotee Mtandaoni

Mwaka wa fedha wa serikali za kaunti hufungwa Juni 30, na kandarasi nyingi hufungwa nao. Ya intaneti huwa mojawapo. Kampuni iliyopeleka faiba kwenye hospitali ya kaunti ndogo huenda isishinde zabuni tena, na Julai ikaingia nyingine na nyaya zake, kisanduku chake na bei yake. Mgonjwa aliye kwenye foleni ya usajili hapaswi kujua kwamba lolote limetokea. Mara nyingi hujua. Karani anabofya na mfumo haufunguki; kadi za karatasi zinarudi mezani, malipo ya maabara yanaandikwa daftarini, na foleni inafika mlangoni. Fundi akiitwa anakuta faiba mpya ni nzima na kompyuta ni nzima. Kilichokosekana ni anwani: makao makuu bado yanaitafuta hospitali mahali ilipokuwa jana.

Ipo njia ya kupanga ruta, yaani kile kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani wa afisi na laini ya kampuni ya intaneti, ili hospitali ibaki na utambulisho wake hata laini ikibadilika. Njia hiyo inaitwa LISP, ufupisho wa jina la Kiingereza lenye maana ya itifaki ya kutenganisha mahali na utambulisho. Wanaoijua lugha ya kompyuta ya Lisp, iliyobuniwa na John McCarthy mwaka 1958, wasichanganye. Ni majina tu yaliyogongana. Na wala si jambo la mafundi peke yao. Linagusa huduma hospitalini, na linagusa bei ambayo kaunti inalipa kwa intaneti.

Nambari moja, kazi mbili

Kila kifaa kilicho mtandaoni kina nambari ya anwani, na nambari hiyo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Huwaambia wengine kifaa hiki ni nani, na huziambia ruta za njiani kiko wapi ili zijue pa kuelekeza ujumbe. Shida inaanzia hapo.

Mkaazi akihama Voi akaenda kuishi Kitale, nambari ya kitambulisho chake cha taifa haibadiliki. Kinachobadilika ni makaazi na sanduku la posta. Hata kwa simu za mkononi, tangu Aprili 2011 Mkenya anaweza kuhama kampuni na kubaki na nambari yake. Intaneti haikupangwa hivyo. Anwani ambayo hospitali inaonekana nayo nje kwa kawaida ni ya kampuni inayotoa huduma, na kandarasi ikiisha anwani inarudi kwa mwenyewe. Ni kana kwamba mtu akihama nyumba anapewa kitambulisho kingine, kisha azunguke benki, shuleni na hospitalini akijitambulisha upya.

Ni kweli kwamba kompyuta za ndani mara nyingi hutumia anwani za faragha, zile zinazoanza na 10, ambazo hazisafiri kwenye intaneti ya umma. Lakini njia za VPN zinazounganisha kituo kimoja na kingine hufungwa kwa anwani za kampuni. Chukua kaunti yenye vituo 20 vinavyowasiliana moja kwa moja, kila kimoja na chenzake: hospitali, afisi za kaunti ndogo, vituo vya ushuru. Hizo ni njia 190. Kituo kimoja kikibadilisha kampuni, lazima ruta 19 kwingineko ziguswe, moja baada ya nyingine. Fundi akimaliza 18 na kuisahau moja, hitilafu itajitokeza wiki ya pili, mahali ambapo hakuna anayekumbuka kwamba kuna kilichobadilika.

Gharama yake haionekani kwenye stakabadhi yoyote. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na wa gharama nafuu. Kampuni iliyopo inapojua kwamba kuihama ni kazi ya majuma kadhaa na hatari ya huduma kukwama, ina nguvu ambayo washindani wake hawana, wala haihitaji kumhonga mtu kuipata. Kaunti inayoweza kuhama kwa saa moja huzungumza bei kwa sauti nyingine.

Wazo lilikotoka

Oktoba 2006 wataalamu wa intaneti walikutana mjini Amsterdam, Uholanzi, wakihofia kwamba orodha ya njia ambayo ruta kubwa za dunia hulazimika kukumbuka ilikuwa inavimba. Wakati huo ilikuwa na njia zipatazo 200,000. Leo za anwani za aina ya zamani pekee zimepita 900,000. Sababu mojawapo waliyoitaja ni hiyo hiyo ya nambari moja kufanya kazi mbili. Kila taasisi iliyotaka kubaki na anwani zake huku ikibadilisha kampuni, au kutumia kampuni mbili, iliongeza mstari kwenye orodha ya dunia nzima.

Dino Farinacci, Vince Fuller, Dave Meyer na Darrel Lewis, waliokuwa kampuni ya Cisco, waliandika itifaki iliyotolewa rasmi kama jaribio Januari 2013 kwa waraka RFC 6830. Oktoba 2022 ilipandishwa hadi ngazi ya viwango vya intaneti kwa nyaraka RFC 9300 na 9301. Haikuitwaa intaneti nzima kama waliyoiota walivyotarajia. Ilipata makao ndani ya mitandao ya taasisi kubwa, zenye majengo na matawi mengi, na kaunti ni taasisi ya namna hiyo.

Barua ndani ya bahasha

LISP humpa kila mmoja anwani mbili. Ya kwanza ni ya utambulisho, na hiyo hubaki na kompyuta daima. Ya pili ni ya mahali, na hiyo ni ya ruta upande unaotazama laini ya kampuni. Kati ya hizo mbili kuna seva ya ramani, inayojua utambulisho gani uko nyuma ya mahali gani.

Tuseme kompyuta za hospitali zina anwani za 10.20.5.0/24, fungu la anwani 256. Ruta ya hospitali ina anwani ya mahali 192.0.2.10 iliyotolewa na kampuni ya kwanza. Makao makuu ya kaunti, penye seva ya rekodi za wagonjwa, yana fungu la 10.20.1.0/24 nyuma ya ruta yenye anwani 203.0.113.5. (Anwani hizi za mahali ni katika zile zilizotengwa duniani kwa ajili ya mifano tu, kwa hiyo asiyejua asizinakili kwenye kifaa halisi.)

Karani wa usajili anapofungua faili, kompyuta yake hutuma pakiti kwa seva kwa anwani ya utambulisho, bila kujua kitu kuhusu kampuni za intaneti. Ruta ya hospitali huipokea na kuiuliza seva ya ramani: aliye na 10.20.1.0/24 yuko wapi? Ikijibiwa kwamba yuko 203.0.113.5, huitia pakiti yote ndani ya bahasha mpya iliyoandikwa anwani hiyo juu, na kuituma. Ruta ya makao makuu hufungua bahasha na kumpa mwenyewe barua iliyo ndani, haijaguswa. Jibu lililopatikana huwekwa kwenye kumbukumbu ya ruta, kwa kawaida kwa saa 24, ili swali lisirudiwe kwa kila pakiti.

Julai hospitali ikihamia kampuni nyingine, ruta yake inapata anwani mpya ya mahali, mathalani 198.51.100.10. Fundi anabadilisha anwani hiyo kwenye ruta hiyo moja. Ruta inajisajili upya kwa seva ya ramani, kisha inazitumia ujumbe zile ruta ilizokuwa ikizungumza nazo, kuziomba ziulize tena. Zile ruta nyingine 19 haziguswi na mtu. Kompyuta ya karani, mashine za maabara, printa na seva vinabaki na anwani zile zile.

Kinachoandikwa kwenye ruta

Majina ya amri hutofautiana kati ya watengenezaji, ila maamuzi ni yale yale. Kwenye ruta za Cisco sehemu hii hufunguliwa kwa amri "router lisp", na mstari ulio moyo wa mambo yote ni wa "database-mapping". Mstari huo husema: fungu hili la utambulisho linapatikana kupitia anwani hii ya mahali. Mbele yake huandikwa nambari mbili, na hizo mbili zinastahili kusomwa na zaidi ya fundi, maana ndizo sera ya kaunti iliyoandikwa kwa tarakimu.

Nambari ya kwanza ni kipaumbele, na ndogo ndiyo hushinda. Hospitali yenye faiba na laini ya akiba ya setilaiti inaweza kuipa faiba 1 na setilaiti 2; setilaiti haitaguswa hadi faiba ikatike. Ukiandika 255 unasema laini hiyo isitumike kabisa. Nambari ya pili ni uzito, nayo hufanya kazi laini mbili zinapokuwa na kipaumbele sawa. Kwa 50 na 50 mzigo hugawanywa nusu kwa nusu. Kwa 80 na 20 laini nene hubeba sehemu kubwa. Kaunti inayolipia laini mbili kila mwezi na kuona moja imelala mwaka mzima ina la kuuliza hapa.

Halafu ruta huambiwa anwani ya seva ya ramani inayosajili, na ya ile inayojibu maswali, ambazo zinaweza kuwa mashine moja. Kwa usajili kuna neno la siri la pamoja. Mwisho ruta huwashwa kazi zote mbili: kufunga bahasha na kufungua bahasha. Kila dakika moja itajisajili upya, na seva isiposikia sauti yake kwa dakika tatu humhesabu kuwa hayupo. Basi. Ruta ya zahanati na ya hospitali kubwa hutofautiana kwa mistari michache tu, na hilo lenyewe ni nafuu kwa idara yenye mafundi wachache.

Panapovunjika

Hitilafu inayosumbua zaidi haionekani siku ya kwanza. Bahasha ina uzito wake. Kwa anwani za kawaida huongeza baiti 36 kwa kila pakiti: 20 za anwani ya nje, 8 za aina ya usafirishaji, na 8 za LISP yenyewe. Laini nyingi hupitisha pakiti isiyozidi baiti 1,500. Pakiti iliyojaa tangu mwanzo, ikitiwa kwenye bahasha, inafika 1,536 na kukwama mlangoni. Matokeo yake humchanganya kila mtu: karani anaingia kwenye mfumo vizuri, anatafuta jina la mgonjwa na kulipata, lakini picha ya eksirei haifunguki. Ujumbe mdogo unapita, mkubwa unakufa. Watu hulaumu mfumo wa hospitali, kisha kampuni ya intaneti, kisha kompyuta. Dawa ni kuiambia ruta ipunguze ukubwa wa vipande vya data, visizidi baiti 1,424, na kushuka zaidi ikiwa kuna usimbaji juu yake.

Usimbaji huo si wa hiari kwa hospitali. LISP kwa asili yake haifichi kitu. Bahasha ni ya kuelekeza tu, yeyote aliye njiani anaweza kuifungua na kusoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa data nyeti, kwa hiyo mawasiliano ya wagonjwa lazima yasimbwe kwa njia nyingine, kama vile IPsec, sambamba na LISP. Mzabuni akisema kwamba LISP peke yake inatosha kwa usiri, haelewi anachouza.

Neno la siri la usajili nalo lisichukuliwe kijuujuu. Anayelijua anaweza kuiambia seva ya ramani kwamba hospitali iko kwake, na mazungumzo ya hospitali yakaelekezwa huko. Kila kituo kipewe neno lake, na lisiwe lile lililokuja kwenye mfano wa mwongozo.

Vifaa vya ulinzi wa mtandao navyo hufunga kisichojulikana. LISP hupita kwenye poti za UDP 4341 kwa data na 4342 kwa maswali na majibu. Poti ya pili ikiwa wazi na ya kwanza ikiwa imefungwa, ruta itaonyesha kwamba imejisajili na kila kitu ni sawa, huku hakuna barua hata moja inayofika.

Laini ya akiba ya simu inahitaji tahadhari yake. Mitandao ya simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja, na ruta iliyo nyuma ya anwani kama hiyo haifikiki kutoka nje bila msaada wa kifaa kingine cha katikati. Wa kuulizwa ni kampuni, kabla ya kutia sahihi: laini hii inakuja na anwani yake ya umma au haiji nayo? Pia uchunguzi wa kujua kama mahali panafikika usipowashwa, ruta ya mbali inaweza kuendelea kutuma bahasha kwenye faiba iliyokatika, na ile akiba ikabaki pambo.

Kuna kitu kimoja ambacho LISP haikiponyi, nacho ni seva ya ramani yenyewe. Kila ruta imeandikiwa anwani yake. Seva hiyo ikiwa kwenye laini ya kampuni inayoweza kuondoka Juni, tatizo lote limerudi kwa mlango wa nyuma. Inafaa ziwe seva mbili, mahali pawili, kwa anwani ambazo kaunti haitanyang'anywa. Shirika la AFRINIC lenye makao Mauritius ndilo linalogawa anwani barani Afrika, na taasisi inaweza kuomba anwani zake yenyewe. Seva ya ramani ikizimika, mazungumzo yaliyokwisha kuanza huendelea kwa kumbukumbu ya ruta. Anayeanza mapya ndiye hukwama.

Vilevile LISP inasaidia kati ya vituo vinavyoitumia. Mfanyakazi akifungua eCitizen au tovuti ya KRA, pakiti zake hupita njia ya kawaida, kwa anwani ya kampuni ya intaneti. Ikiwa kuna shirika la nje linaloruhusu anwani fulani tu za kaunti, shirika hilo bado litaarifiwa laini ikibadilika, isipokuwa mawasiliano hayo yapitishwe kwanza makao makuu na kutokea hapo kwa anwani isiyobadilika.

Nani aihitaji

Zahanati yenye kompyuta mbili zinazowasiliana na makao makuu pekee haihitaji haya. VPN ya kawaida inayoanzishwa na zahanati yenyewe kuelekea makao makuu itainuka tena laini yoyote itakayoletwa, na kumwongezea muuguzi kifaa asichokihitaji ni kupoteza fedha. Faida inaanza vituo vinapokuwa vingi na kuhitaji kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, au kituo kimoja kinapokuwa na laini mbili za kampuni tofauti. Kampuni mbili nazo ziulizwe zinapita wapi. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu pamoja na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Anayenunua laini mbili zinazolala kwenye mtaro mmoja amenunua laini moja kwa bei ya mbili.

Mengi ya haya huamuliwa kwenye hati ya zabuni, kabla ya fundi yeyote kugusa ruta. Hati inaweza kudai kwamba mafungu ya utambulisho, maneno ya siri na nakala kamili ya mipangilio ya kila ruta ni mali ya kaunti, na kwamba vikabidhiwe kwa idara ya TEHAMA kwa maandishi. Bila hivyo kaunti itakuwa imetoka kwa kampuni iliyoshika anwani na kuingia kwa mwanakandarasi aliyeshika neno la siri.

Na siku ya ukaguzi na upokeaji, kamati isiridhike na picha za skrini. Fundi aandike "lig self" kwenye ruta ya Cisco ya hospitali. Ni amri inayoifanya ruta ijiulize yenyewe kwa seva ya ramani, na jibu lioneshe laini zote mbili. Karani afungue faili la majaribio lenye picha kubwa, si jina tu. Kisha, picha ikiwa bado inafunguka, mtu achomoe waya wa faiba mbele ya kamati, wote wahesabu sekunde hadi mfumo urudi kwa laini ya akiba, na idadi hiyo iandikwe kwenye cheti kabla ya malipo kuidhinishwa.